Washikaji, Kroshia Si ya Bibi Peke Yake!

Wiki hii nawaletea stori ya sindano, na wala si ile ya hospitali. Naongelea kroshia, vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu hutandika kwenye makochi.

Hapa Sengerema mjini, kijana wa kiume akionekana kashika uzi ni vicheko mpaka jioni. Washikaji wangu wa bodaboda wamenibatiza "Bi Harusi". Poa tu. Lakini hao hao wakishuka Busisi wanawakuta wavuvi, wanaume wenye vifua kama milango, wamekaa mwaloni wanashona nyavu kwa uzi na sindano. Mbona wale hawachekwi? Sisi tuliomaliza kidato cha nne tukabaki kuhesabu magari barabarani, tunachagua kazi kwa kuogopa kuchekwa!

Mwalimu wangu ni mama mwenye nyumba tunayopanga. Uzi mwembamba mweupe alinikataza kabisa. "Mwanangu, anza na uzi mnene wa sweta, wa rangi ya kung'aa, uyaone matundu." Uzi mweusi usiuguse kwanza, hasa umeme ukikatika.

Haya, shika sindano yenye ndoano. Funga kitanzi kinacholegea, kivishe kwenye sindano, zungusha uzi, vuta upite ndani yake. Hiyo ni cheni moja. Kitanzi kilichobaki kwenye sindano hakihesabiwi. Fanya cheni 21, kisha ingiza sindano kwenye cheni ya pili kutoka sindano ilipo, vuta uzi, utapata vitanzi viwili. Zungusha tena, vuta upite vyote viwili kwa mkupuo. Huo ni mshono mfupi. Ukifika mwisho utakuwa nayo 20. Piga cheni moja, geuza kazi, rudi.

Mshono mrefu unazungusha uzi kabla ya kuingiza sindano, kwa hiyo unapata vitanzi vitatu. Unavitoa viwili, halafu viwili vingine. Kwa heshima zote, huu ndio mtamu, maana kitambaa kinakua haraka.

Sasa kasheshe liko kwenye kuhesabu. Ukiruka mshono wa mwisho kila safu, kitambaa cha mraba kinageuka pembetatu. Ukizidisha, kinajikunja pembeni kama kabichi. Na msidhani kabichi ni mchezo: mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alizidisha mishono makusudi, kwa mpango, akapata umbo la jiometri ambalo karatasi ilishindwa kulionyesha vizuri. Profesa mzima na uzi mkononi! Nendeni mkamwite Bi Harusi.

Uzi naufuata Mwanza. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilometa 3 juu ya ziwa, ile habari ya kusubiri kivuko juani imekwisha.

Tatizo ni bei. Mteja wangu wa kwanza, dada mmoja anayejiandaa kuolewa, aligeuza kitambaa huku na huku akasema, "Kaka, si uzi tu huu?" Alitaka kunirudishia hela ya uzi, basi. Sikubishana. Nikamhesabia: mishono 60 kwa safu, safu 60, jumla 3,600, na kila mmoja umepita kwenye vidole hivi. Sweta inafumwa na mashine kiwandani. Kroshia ya kweli bado ni ya mkono. Akanyamaza, akafungua pochi, akaongeza.

Jana karudi na oda ya vitambaa sita, tena anataka na cha meza. Harusi ni Desemba. Kwa hiyo safu hii ikija fupi wiki ijayo, mjue niko kwenye uzi. Msalimieni Bi Harusi mkipita!