Baada ya pete, tusindikizwe

Kwetu Diani Jumapili ni siku ya kazi. Mume wangu ni mpishi hotelini, na Desemba wageni wakijaa huingia zamu kabla ya misa ya kwanza. Basi tunasali usiku akirudi, fungu moja tu la Rozari, na siku nyingine usingizi humchukua kabla halijaisha. Naamini Mungu huipokea hivyo hivyo.

Majirani zetu ni Wadigo, Waislamu. Ramadhani tunapelekeana futari, na mama wa nyumba ya pili ndiye anayenituliza nikikosana na mume wangu, maana mama yangu mzazi yuko mbali, bara.

Ninachokiomba kwa moyo wote ni hiki. Papa Fransisko aliandika mwaka 2016, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia, kwamba wanandoa wapya wasindikizwe miaka ile ya mwanzo. Mafundisho ya kabla ya harusi tulipewa vizuri sana. Baada ya pete hakuna aliyebisha hodi. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, Ukunda hadi Msambweni, zina wazee waliodumu katika ndoa. Kila wanandoa wapya wapewe wazee wawili, waje nyumbani, wanywe chai, watuulize tunagombania nini, hasa pesa.