Tuache Kumwaga Zege Uani, Tutandike Vitofali

Kila mwaka ifikapo Novemba mvua huanza kunyesha katika uwanda wa Lilongwe, nchini Malawi, na aghalabu haiachi kabisa mpaka Aprili. Udongo wa uwanda huo kwa sehemu kubwa ni mwekundu. Katika mabonde yake ya majimaji, ambayo wenyeji huyaita dambo, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Juu ya uwanda huo umesimama mji wa Lilongwe, uliochukua nafasi ya Zomba kuwa mji mkuu mwaka 1975. Na kilomita zipatazo 45 kaskazini yake, wilayani Dowa, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ambayo zamani ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa na tangu mwaka 1994 imekuwa makazi ya watu waliozikimbia nchi zao, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Askari wetu wengi hawana haja ya kutambulishwa kwa watu hao. Wale waliotumikia katika kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Kivu tangu mwaka 2013, Watanzania pamoja na Wamalawi na Waafrika Kusini, waliwaona wenzao hao wakiyahama makwao na magodoro kichwani. Kiswahili kinachosemwa katika vichochoro vya Dzaleka ni kile kile walichokisikia Goma na Beni. Kambi hiyo iliandaliwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo hii ina zaidi ya 50,000.

Sina nia ya kuzungumzia vita hapa, wala siasa za ukimbizi. Nataka kuzungumzia matope. Tope la Novemba halimchagui mtu: humkuta mwenye nyumba ya ghorofa Lilongwe mbele ya geti lake, na humkuta mkimbizi wa Dzaleka mlangoni mwa kijumba chake cha matofali mabichi. Tofauti ni dawa tu. Mwenye uwezo humwaga zege ua mzima. Asiye na uwezo hutupa vipande vya matofali na majivu, akaruka kutoka kipande hadi kipande mpaka msimu uishe. Kwa maoni yangu wote wawili wangefaidika zaidi na vitofali vya saruji vya kutandika, vile ambavyo mafundi wa Dar es Salaam huviita pevingi na wale wa Nairobi huviita kabro.

Hapana budi nianze na huyo wa zege, maana ndiye sisi askari tunayemwiga. Ni desturi ya wengi wetu, tukishapokea kiinua mgongo na kumaliza nyumba, kumwaga jamvi la zege kutoka lango mpaka barazani, na kujiona tumemaliza kazi. Namfahamu sajinimeja mmoja mstaafu aliyefanya hivyo kwa fahari kubwa. Msimu wa pili wa mvua ulipoingia, bomba la maji lililopita chini ya jamvi hilo likapasuka. Ilibidi aite vijana wenye nyundo na patasi, wakavunja mfereji mrefu katikati ya ua, wakatengeneza bomba, kisha wakafukia kwa zege jipya ambalo halikufanana na la zamani wala halikushikana nalo. Mpaka leo ua wake una kovu, na kila mwaka ufa huanzia pale pale.

Kama ua ule ungekuwa wa vitofali, kazi hiyo ingekuwa ya siku moja. Fundi angeng'oa safu mbili tatu, akavipanga pembeni, akachimba, akatengeneza bomba, akashindilia na kuvirudisha vile vile alivyovikuta, asinunue hata mfuko mmoja wa saruji kwa ajili ya sakafu. Tena ardhi ya mfinyanzi inapovimba na kushuka, jamvi la zege, kwa kuwa ni kitu kimoja kikubwa kisichokunjika, halina njia ila kupasuka. Vitofali hucheza kidogo pamoja na ardhi, kila kimoja kikishikwa na jirani zake, na pale panapobonyea hunyanyuliwa pakajazwa. Waholanzi walilitambua jambo hili zamani, maana mitaa yao ilitandikwa matofali ya kuchoma. Baada ya Vita Kuu ya Pili, matofali hayo yalipohitajiwa kwa kujenga nyumba, wakaanza kutandika ya saruji mahali pake.

Hata hivyo lazima tuseme kweli. Vitofali si rahisi kwa bei. Kwa mwanzo aghalabu vinazidi gharama ya jamvi jembamba la zege. Kitofali cha kawaida kina urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 10, kwa hiyo mita moja ya mraba inameza vitofali 50. Ua wa mita 5 kwa mita 8 unahitaji vitofali 2,000, na vikiwa na unene wa sentimita 6 uzito wake unapita tani tano, yaani mzigo wa lori. Unene huo unatosha kwa gari dogo. Palipo na malori, kama kwenye lango la kambi au depo, wahandisi hutaka sentimita 8.

Wala si kweli, kama wanavyodai baadhi ya wauzaji, kwamba ua wa vitofali unayanywa maji yote. Vitofali vya kawaida hupitisha maji kidogo tu kwenye viungo vyake, mengine hutiririka. Ndiyo maana mteremko ni wa lazima, sentimita mbili kwa kila mita, ukielekea mbali na msingi wa nyumba. Na maji hayo yaelekezwe kwenye bustani au shimo la kokoto la kunywea maji, si kwa jirani aliye bondeni. Afisa anayesakafia ua wake halafu akamfurikisha koplo wa nyumba ya chini amejitafutia kesi ambayo hata mkuu wa kikosi hatapenda kuisikiliza.

Lakini kinachoharibu ua wa vitofali mara nyingi si vitofali. Ni uvivu wa chini. Nimeona mafundi wakikwangua majani, wakamwaga mchanga mwingi juu ya udongo laini, wakatandika, wakalipwa, wakaenda zao. Baada ya mvua ya kwanza magurudumu yanachimba mifereji miwili kama njia ya mkokoteni. Kazi sahihi ni kuondoa udongo wote wenye majani na mizizi, kushindilia ardhi, kuweka tabaka la kifusi cha mawe au changarawe na kulishindilia tena huku likinyunyiziwa maji, mpaka jembe likigonga lirudi. Mteremko hutengenezwa kwenye kifusi hicho. Mchanga unafuata, sentimita tatu hivi tu, uliosawazishwa kwa ubao na kamba. Mchanga si wa kuficha mashimo. Kingo zifungwe kwa zege, kwa sababu ua usio na ukingo hufunguka kidogo kidogo kama mkeka uliokatika ukindo. Hatimaye mchanga laini hufagiliwa katika viungo na ua mzima kushindiliwa, kwa mashine ikiwapo, au kwa kipande cha gogo juu ya ubao ikiwa haipo. Mahali pa gari vitofali vipishane kwa pembe, visipangwe kwa mistari iliyonyooka, ili gurudumu linapokata kona lisivisukume vyote upande mmoja.

Askari aliyewahi kuchimba handaki haoni jambo geni hapo. Ni jasho na subira, na usimamizi wa mtu asiyekubali kudanganywa na uso wa juu.

Na hapo ndipo ninaporudi Dzaleka. Kazi hii haihitaji mitambo mikubwa. Kalibu za chuma au plastiki, saruji, mchanga, kokoto, maji na mikono vyatosha. Wala haihitaji tanuri. Nchini Malawi, ambako matofali ya kuchoma yamekula miti mingi sana, hilo si jambo dogo, ingawa saruji nayo huokwa kiwandani kwa moto mkali na haistahili kusifiwa kupita kiasi. Huko Nairobi binti mmoja mhandisi, Nzambi Matee, ametengeneza vitofali kwa taka za plastiki zilizochanganywa na mchanga, akatunukiwa mwaka 2020 na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa.

Mikono haikosekani Dzaleka. Kinachokosekana ni kazi. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake kuhusu ajira na mahali pa kukaa, na kwa masharti hayo fundi wa Kikongo hawezi kwenda kwa hiari yake kutandika nyua za Lilongwe. Hiyo ni sheria ya nchi huru na sina mamlaka ya kuihukumu. Lakini hakuna mkimbizi anayekatazwa na akili ya kawaida kuziba tope la mlangoni pake, na serikali pamoja na mashirika yanayohudumia kambi yangeweza kumlipa kwa kazi hiyo ndani ya kambi yenyewe. Faida moja ya vitofali ingewahusu hasa: kambi huitwa makazi ya muda, hata kama imedumu tangu 1994, na wakuu wake wanasita, kwa sababu zinazoeleweka, kumwaga zege la kudumu mahali ambapo kesho patapangwa upya. Njia ya vitofali ikipaswa kuhamishwa, huhamishwa. Sisi tuliozoea kupokea amri ya uhamisho usiku tunajua thamani ya kitu kinachofunguka na kufungika tena.

Mahali pa kuanzia ni penye pampu za maji, wanakopanga foleni kina mama na watoto wenye ndoo. Sakafu inayozunguka pampu yenyewe ibaki ya zege, na isiwe na ufa, kwa sababu maji machafu hayatakiwi yarudi kisimani. Nje ya sakafu hiyo, penye foleni, ndipo penye dimbwi, na ndipo vitofali vinapofaa. Eneo la mita 3 kwa mita 3 linahitaji vitofali 450 tu. Vikifyatuliwa mwezi Agosti na kumwagiwa maji kwa muda wa juma moja, vikaachwa vikomae mpaka zitimie siku 28, Septemba nzima na Oktoba zinabaki kwa kushindilia kifusi na kutandika, kabla mawingu ya Novemba hayajatanda juu ya Dowa.