Ukizima intaneti, umefunga na bandari

Wadau, kuna watu bado wanadhani WhatsApp kwa Mpemba ni umbea na picha za harusi tu. Umbea upo, sikatai. Lakini tazameni na mengine.

Mtu akifariki Micheweni asubuhi, aghlabu anazikwa siku hiyo hiyo. Zamani mwanawe aliyeko Muscat aliweza kupata habari baba keshazikwa siku nyingi. Leo tanzia inamfika kabla kaburi halijachimbwa. Bibi asiyejua kuandika anabonyeza kitufe, anarekodi sauti, na mjukuu wake Mombasa anamsikia anavyokohoa, anajua hali si nzuri. Mwenye mgonjwa wa kuvusha Unguja anauliza kwanza kwenye kundi kama boti ipo, ndipo atoke Wete na gari kwenda Mkoani. Kwetu sisi watu wa kisiwani hii si starehe. Ni njia, kama bahari ilivyo njia.

Sasa njia hiyo imefungwa mara ngapi? Tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, WhatsApp na Twitter zilibanwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, nchi nzima ilikatiwa intaneti, na ikachukua siku kadhaa kurudi.

Hoja tunayopewa kila mara ni kwamba mitandao inaeneza uongo na kuchochea fujo. Uongo upo, na sisi waandishi unatusumbua kuliko wengi. Lakini hebu turudi 27 Januari 2001. Polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa CUF hapa Pemba. Watu zaidi ya 30 walikufa katika machafuko yale ya Zanzibar, na zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya, kwa vyombo vya baharini. Hakukuwa na WhatsApp wala Facebook ya kumchochea mtu, na damu ilimwagika vile vile. Tofauti ni kwamba mwenye jamaa aliyepotea alikaa gizani akingoja mtu avuke na habari.

Giza haliui uvumi jamani, linaulea. Mtu asiyeweza kumpigia mama yake anaamini lolote atakaloambiwa.

Anayetunga uongo ana jina na ana simu. Atafutwe yeye, ashitakiwe. Yule bibi mwenye kikohozi anazimiwa kwa kosa gani?

Nyie mnasemaje?