Mwaka wa Porini Nao Ni Mwaka wa Masomo

Elimu ya nje, yaani mafunzo yanayotolewa porini na milimani badala ya ndani ya kuta nne za darasa, haistahili kuhesabiwa kuwa likizo wala anasa, na mfano wa Timbertop nchini Australia unalithibitisha jambo hilo. Kambi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1953 na shule ya Geelong Grammar karibu na mji wa Mansfield katika jimbo la Victoria, huwapokea wanafunzi wa mwaka wa tisa, ambao huishi huko mwaka mzima wakipanda milima na kulala katika mahema, huku masomo ya kawaida yakiendelea. Maji ya kuoga hupashwa moto kwa kuni walizozipasua wenyewe; mmoja akitega zamu yake ya shoka, wenzake huoga maji ya baridi, na hapo ndipo uwajibikaji, ambao ni hali ya mtu kuyabeba matokeo ya matendo yake, hufundishwa bila hotuba. Afrika Mashariki nayo si ngeni katika elimu hii, kwani shule ya milimani ya Outward Bound ilifunguliwa Loitokitok, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro, katika miaka ya 1950. Gharama ya mwaka mzima haimudiwi na shule nyingi, lakini siku tatu kwa muhula zinawezekana. Walimu wakuu na wazazi wasingoje fedha nyingi, bali waanzie kwenye kilima, msitu au ufuo ulio jirani.