Masharubu ya Kaiser yalivyonikausha mfuko

Haya msomaji wangu, wiki hii naomba usinicheke mapema. Ngoja nimalize, halafu ucheke kwa nafasi.

Unajua sisi watoto wa mjini tulivyo. Tukifika kijijini tunajiona wajanja, wengine wote ni wa kuja. Basi safari hii mimi ndiye niliyeingizwa mjini, tena nikiwa kijijini! Ilikuwa Mungaa, mkoani Singida, kwa bibi mzaa mama.

Mama ndiye aliyenituma. Yeye hapa Manzese anauza mafuta ya alizeti ya kupima, na wateja wake wakishaambiwa ni ya Singida, hawaulizi bei mara mbili. Akanihesabia shilingi 120,000 mkononi. "Mwanangu, huu ndio mtaji wote. Niletee ndoo ya mafuta. Usinunue kitu kingine." Nikamwambia, "Mama, mimi mtoto mdogo?"

Siku ya gulio nikatoka kwa bibi nimepiga fulana yangu ya nguvu. Kabla sijafika kwa wauza mafuta, nikamkuta jamaa mmoja kakaa chini ya mti, katandika kitambaa cheusi. Juu yake sarafu kibao. Zenye tundu katikati, nyeusi, nyekundu, za fedha zinazong'aa. Watu wamemzunguka kama wanatazama mazingaombwe.

"Hizi mali ya Mjerumani," anasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa polisi. "Wazungu Dar wananunua kwa milioni. Mimi nina mgonjwa, ndiyo maana nauza kwa bei ya kutupa."

Akanishikisha moja. Upande mmoja mzungu mwenye masharubu yaliyosimama, kavaa kofia ya chuma yenye tai juu. Upande wa pili maandishi ya Kijerumani na mwaka 1916. Inang'aa hiyo! Akili yangu ikaanza kupiga hesabu. Naiuza Dar, namnunulia mama ndoo kumi, na chenji nanunua simu. Nikatoa 80,000. Jamaa akahesabu, akakunja kitambaa, na mpaka naandika haya sijamwona tena.

Jioni nikaitoa kwa mbwembwe mbele ya bibi na mjomba. Mjomba ni mwalimu mstaafu wa historia, mtu wa maneno machache. Akaigeuza, akaisogeza kwenye taa, akacheka mpaka akakohoa.

"Mjomba, umenunua sarafu au umenunua hadithi?"

"Sarafu, mjomba."

"Basi soma mwaka. Rupia za fedha za Mjerumani zilianza 1890 na za mwisho zina mwaka 1914. Vita ilipoanza meli hazikupita tena. Hii ya 1916 ilitengenezwa na nani, na malaika?"

Nikajitetea kwamba mbona nimesikia za 1916 zipo. Akasema zipo, na ndipo nilipopata darasa la bure, ambalo kwa kweli nilishalilipia 80,000.

Mwaka 1916 Wajerumani walijitengenezea pesa wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli. Kulikuwa na heller 5 na heller 20 za shaba, na hilo neno heller ndilo lililotuachia "hela" tunayoililia kila siku. Kulikuwa pia na rupia 15 za dhahabu, zenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, Iramba, mkoa huu huu wa Singida! Zilitoka elfu 16 na ushee tu, na Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora. Hiyo ya dhahabu ndiyo inayotafutwa sana, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoghushiwa sana. Rupia ya fedha ya Tabora haipo.

Bibi alikuwa kimya muda wote. Akaingia ndani, akatoka na kopo la zamani la majani ya chai. Ndani mna shanga, funguo isiyo na kufuli, na rupia moja. Nyeusi kama sufuria la kuni. Mwaka 1910, na chini yake herufi J, ambayo mjomba anasema ni alama ya kiwanda cha Hamburg. A ni ya Berlin, T ni ya Tabora.

"Hii ni ya babu yangu mimi," bibi akasema. "Kodi ya kibanda ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Hii alisema ilibaki, akakataa kuitumia mpaka anakufa."

Mjomba akachukua sumaku ya spika ya redio mbovu. Akaisogeza kwa rupia ya bibi, kimya. Akaisogeza kwa yangu, ikaruka kama panzi! Fedha hainaswi na sumaku, msomaji. Yangu ilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya fedha. Kisha bibi akaidondosha yake juu ya jiwe la kusagia, ikalia mlio mrefu, mwembamba, kama kengele ya kanisani kwa mbali. Yangu ikasema "tak", ikanyamaza. Hata mimi nikanyamaza.

"Si kila bandia inanaswa na sumaku," mjomba akaonya. "Nyingine ni za shaba. Hapo nenda kwenye mizani. Rupia halisi ni gramu 11.66, na upana milimita 30 na ushee. Iliyochakaa itapungua kidogo tu." Siku ya kurudi nilipita kwa sonara mmoja Singida mjini. Yangu ilikuwa na gramu 8!

Sasa je, ukishajua ni halisi, utajuaje ni ya daraja gani? Kuna kampuni za Marekani kama PCGS na NGC zinazopima sarafu, zinaipa alama kuanzia 1 hadi 70, kisha zinaifungia kwenye kiboksi cha plastiki. Gulioni Mungaa hakuna kiboksi. Una macho yako tu, na masharubu ya Kaiser.

Sarafu huanza kulika pale palipoinuka. Kwa hiyo tazama masharubu na manyoya ya yule tai wa kofia. Ukiona nywele mojamoja na manyoya yote, hiyo haikuzunguka sana, bei yake iko juu. Ukiona masharubu yamekuwa kibonge kimoja, ilishika mikono mingi. Ukiona uso laini kama ndala iliyolika, hiyo ni ya kumbukumbu. Ya bibi ilikuwa katikati, masharubu yapo, tai kapoteza manyoya.

"Ngoja niisugue kwa majivu na ndimu, ing'ae kama yako," bibi akasema. Mjomba akaruka! Kusugua kunaacha mikwaruzo, na wanunuzi wakiona mikwaruzo wanashusha bei. Weusi wa miaka mia na ushee ni heshima ya sarafu, si uchafu. Inayong'aa kama sufuria mpya, ama imesuguliwa ama imezaliwa juzi.

Hapa sasa, msomaji, ndipo ninapoona aibu. Usiku ule sikulala. Nilikuwa na 40,000 mfukoni, na bibi hajui kabisa bei ya mjini. Nikawaza, nikimwambia "Bibi, nipe kwa 10,000," atanipa, na pengine atanipa bure. Naenda kuiuza, nafidia pengo la mama, hakuna atakayejua. Nikajigeuza kitandani mpaka jogoo akawika.

Asubuhi nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, kisha akaniuliza moja kwa moja, "Mjukuu wangu, hii yangu ni ya milioni?"

Yule jamaa wa chini ya mti akanijia akilini, na kitambaa chake, na mgonjwa wake. Nikasema, "Hapana bibi. Si ya milioni. Ila ni ya kweli, na ina fedha tupu zaidi ya gramu 10. Akija mtu akakupa elfu kumi, mfukuze. Usiuze mpaka mjomba apime na aulize wanunuzi wawili watatu."

Bibi akairudisha kwenye kopo. "Sikuwa nauza," akasema. "Nilitaka kujua wewe utasemaje."

Nikarudi Dar na theluthi ya ndoo. Mama aliyapima yale mafuta kwa macho, akanitazama, hakuuliza. Nikamweleza yote. Tangu siku hiyo malipo ya safu hii yanapitia kwake mpaka mtaji utimie, kwa hiyo ukinunua gazeti hili unamsaidia mama muuza mafuta wa Manzese.

Ile rupia ya chuma ninayo bado, nimeitundika na sumaku mlangoni kwa friji. Mwenye kuitaka aje. Hadithi yake namwongezea bure.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.