Deheni ya Bodaboda
Fundi wa majahazi katika delta ya Rufiji hahitaji kufundishwa kwamba maji ya chumvi hayana rafiki: mbao huzipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa yenye harufu ya kufukuza wageni, na chini ya chombo hupaka deheni ya shahamu na chokaa. Ajabu ni mwenye bodaboda wa Mbwera, humo humo deltani. Pikipiki ikitoka kwenye tope la mikoko, anaisugua papo hapo kwa sabuni ya unga, kisha anaipangusa kwa dizeli ing'ae. Inang'aa kweli, mpaka wiki ijayo. Sabuni ile imetengenezwa kukata mafuta ya nguo, basi hukomba na nta inayolinda rangi. Dizeli nayo huharibu mipira, na ikigusa breki, Mungu atunusuru. Imwagieni kwanza maji baridi, mengi, kabla ya kugusa kitambaa, maana mchanga uliomo topeni ni msasa. (Kisima kikiwa cha chumvi, kingeni maji ya mvua.) Shampuu ya magari ni ghali, najua, chupa moja gawaneni watatu. Nta ipakeni kivulini, pikipiki ikiwa kavu. Pesa ikibaki, nunueni oili ya mnyororo. Oili chafu msiipake kabisa: inadondoka mtoni, na kambamiti ndio kitoweo chetu.