Maji ya Paa la Juu na Ukuta wa Nyumba ya Chini

Nyamirambo imejengwa mlimani. Kutoka barabara kuu yenye maduka, misikiti na vinyozi, vichochoro huteremka kwa ngazi kuelekea mabondeni, na upande wa magharibi umesimama Mlima Kigali, wenye kimo cha zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Katika mitaa ya Cyivugiza, Mumena, Gasharu na Rugarama, aghalabu kizingiti cha nyumba moja huwa sawasawa na paa la nyumba iliyo chini yake. Ujirani wa namna hii una baraka zake, kwani mwenye chumvi humpa asiye nayo kwa kunyoosha mkono tu. Lakini una sheria yake pia: maji anayoyaachilia mtu wa juu hayana budi kumfikia mtu wa chini.

Ugomvi wa maji huanza kidogo kidogo. Mwenye nyumba ya juu ameezeka bati jipya, naye anafurahi kwamba chumba hakivuji tena. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji yote ya bati yanaangukia mahali pamoja, yanachimba shimo, kisha yanapenya ardhini. Asubuhi, mama wa nyumba ya chini anakuta ukuta wa chumba cha watoto una unyevu mpaka usawa wa kitanda. Anapanda ngazi, anabisha hodi, anasema kwa upole, "Jirani, maji yako hayakutulaza jana." Akijibiwa kwamba mvua ni ya Mungu, hapo ndipo urafiki wa miaka mingi huvunjika. Mvua kweli ni ya Mungu, ila paa ni la mtu, na kila mtu anapaswa kujua maji ya paa lake yanakwenda wapi.

Kwanza, yafaa kupima. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Paa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 lina mita 40 za mraba. Mvua kubwa ya alasiri moja, yenye milimita 25, huliletea paa hilo lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20, uzito wa tani nzima. Mji wa Kigali hupata mvua ya karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo paa hilo dogo hupokea kiasi cha lita 40,000 kila mwaka. Maji hayo yakishikwa ni mali. Yakiachwa ovyo ni adui, na adui huyo hashambulii nyumba yake tu.

Wanyarwanda hawahitaji kukumbushwa ubaya wa maji ya mlimani. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya udongo, hasa katika Mkoa wa Magharibi na Mkoa wa Kaskazini, na watu zaidi ya 130 walipoteza maisha. Wengine walifikwa wakiwa usingizini. Mvua ya namna ile haizuiliwi na mfereji wa bati. Hata hivyo, nyumba nyingi hudhoofika muda mrefu kabla ya mvua kubwa, kwa maji madogo ya kila wiki yanayolainisha msingi na udongo unaoushikilia. Hayo madogo yamo katika uwezo wa mwenye nyumba.

Kazi ya pili ni mfereji wa paa. Mfereji uwekwe chini ya ncha ya bati, uteremke kidogo kuelekea kwenye bomba la kushukia, na ushikiliwe kwa vyuma vilivyo karibu karibu ili usipinde unapojaa. Kosa la kawaida ni kuufunga mfereji ukiwa sawa kabisa. Maji hutuama humo, majani huoza, na mbu huzaliana. Yapasa kuusafisha mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Agosti, kabla ya mvua za umuhindo zinazoanza Septemba, na mwezi wa Februari, kabla ya mvua za itumba zinazoanza Machi. Mwenye kusubiri radi ndipo atafute ngazi amechelewa.

Tatu ni tangi. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, madumu ya manjano huonekana yakipandishwa vilimani kwa kichwa, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Tangi la lita 1,000 huipunguzia familia safari hizo, nalo huzuia maji yasimshukie jirani kwa nguvu mvua inapoanza. Lakini tangi lililojaa lina uzito wa tani moja. Kwa hiyo lisiwekwe ukingoni mwa kiwanja wala juu ya ukuta unaozuia udongo. Liwekwe juu ya sakafu imara ya mawe na saruji, upande wa ndani wa kiwanja. Bomba la kumwagia maji ya ziada ni la lazima, nalo liongozwe mpaka kwenye mtaro na lisiachwe likining'inia hewani.

Mvua ya kwanza baada ya siku nyingi za jua huosha vumbi na kinyesi cha ndege; maji yake ya dakika za mwanzo yaachwe yapite, ndipo bomba lielekezwe tangini. Mdomo wa tangi ufunikwe, na kila tundu lizibwe kwa wavu mwembamba ili mbu wasiingie kutaga mayai. Maji hayo yanafaa kufulia, kuoshea sakafu na kumwagilia bustani. Ya kunywa yachemshwe kwanza, kisha yahifadhiwe katika chombo safi chenye kifuniko.

Nne, ukuta na msingi. Nyumba nyingi za zamani zimejengwa kwa matofali mabichi ya udongo, ambayo hapa huitwa rukarakara. Tofali hilo ni imara likiwa kavu, lakini likilowa hurudi kuwa tope. Basi msingi wa mawe upande juu ya ardhi, na sehemu ya chini ya ukuta ikingwe kwa ukanda wa saruji unaoizunguka nyumba, wenye mteremko wa kutoa maji nje. Udongo au takataka visirundikwe ukutani. Ufa ukionekana, uwekewe alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake. Ukirefuka baada ya mvua chache, ni dalili kwamba ardhi inasogea, na fundi aitwe bila kukawia. Waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta huenda walikuwa wakaaji wa mlimani.

Ukuta wa mawe unaozuia udongo unahitaji uangalizi wa pekee. Sharti uwe na matundu ya kutolea maji, kwani maji yakikwama nyuma yake husukuma mpaka ukaanguka. Wako wanaoyaziba matundu hayo kwa saruji kwa sababu yanachafua ua. Kufanya hivyo ni kumwandalia jirani wa chini maafa. Vivyo hivyo, shimo la kunyonya maji, ambalo ni jema katika kiwanja tambarare, lisichimbwe nyuma ya ukuta kama huo wala mahali penye mteremko mkali. Huko ni bora maji yaongozwe kwa mtaro uliosakafiwa hadi kwenye mfereji wa mtaa.

Tano ni bustani, ambayo wengi huidhania pambo tu. Udongo mtupu huchukuliwa na mvua. Udongo wenye mizizi hukaa. Ukingo wa kiwanja upandwe nyasi zenye mizizi ya kushikamana, na ua ufunikwe kwa nyasi fupi mahali pasipokanyagwa sana. Katikati ya ua pafaa kuwa na bustani ya jikoni, ile ambayo kila mtu hapa huiita akarima k'igikoni: tuta la mviringo lenye ngazi mbili au tatu, kila ngazi ikizuiliwa kwa mawe, na samadi au mboji ikiwekwa katikati. Humo hustawi mchicha, ambao hapa huitwa dodo, pamoja na sukuma wiki, vitunguu na karoti. Mama asiyenunua mboga kila siku huokoa fedha, na watoto hupata chakula chenye kujenga mwili.

Asiye na ua atumie gunia. Gunia lijazwe udongo uliochanganywa na samadi, na katikati yake isimamishwe nguzo ya mawe madogo ili maji yafike chini. Miche ipandwe juu na katika matundu ya ubavuni. Gunia moja huchukua nafasi ya kiti. Linafaa sana kwa mpangaji, kwa kuwa akihama anaweza kulivuna na kugawa udongo wake.

Maji ya kufulia yasimwagwe ngazini, maana huleta utelezi na harufu. Yamwagiwe mgomba, lakini mgomba wenyewe usipandwe juu ya ukuta wa kuzuia udongo. Takataka zisitupwe mtaroni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 2008, na mitaro ya Kigali imenufaika. Lakini chupa na majani makavu bado huweza kuziba mtaro mmoja na kuzigharikisha nyumba kumi.

Limebaki swali la nani alipe. Mfereji na tangi ni wajibu wa mwenye nyumba, kwa maana nyumba ikianguka ni yake. Kusafisha, kufunika na kutoa taarifa ya ufa ni wajibu wa mpangaji, kwa maana anayelala humo ni yeye. Na mtaro unaopita baina ya viwanja viwili ni wa wote wawili. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni nafasi nzuri ya kuuchimba kwa pamoja, watu wa juu wakiwa na majembe na watu wa chini wakionyesha mahali maji yanapowaingilia.

Inafaa basi kila mwenye nyumba, mvua ijayo inapoanza, avae koti na kutoka nje kwa dakika kumi. Ayafuate kwa macho maji ya paa lake kutoka ncha ya bati mpaka mahali yanapotoweka. Yakiishia tangini au mtaroni, arudi ndani akanywe chai. Yakiishia ukutani kwa jirani, asingoje kugongewa mlango. Ashuke yeye ngazi, abishe hodi, na aanze mazungumzo.